Luca Pacioli, mtawa aliyefundisha ulimwengu kuandika hesabu za biashara

Kila mwaka wa masomo, vijana wengi wa Bukavu, Goma, Butembo na Bunia wanajiandikisha kwenye vyuo vikuu na vyuo vya juu vya biashara ili kusoma uhasibu, kodi na sheria ya biashara. Somo la kwanza ni lile lile kila mahali: kitu kikiingia kwa mfanyabiashara, kuna kitu kingine kilichotoka, kwa hiyo kila tendo linaandikwa mara mbili. Wanajifunza maneno kama debi, kredi, jurnali, daftari kuu na mizania. Wengi wanayashika kwa kichwa juu ya mtihani, bila kujua kwamba somo hilo lina zaidi ya miaka 500, na kwamba mtu wa kwanza kuliweka ndani ya kitabu cha kuchapwa alikuwa mtawa wa Italia, jina lake Luca Pacioli.

Pacioli hakuwa tajiri. Hakuwa na duka wala meli. Na hakuvumbua yeye mwenyewe namna hiyo ya kuandika hesabu. Maisha yake yote alikuwa mwalimu. Lakini alifanya jambo ambalo matajiri wa wakati wake hawakulifanya: alichukua ujuzi uliokuwa ndani ya nyumba za wafanyabiashara wakubwa, akaupanga vizuri, akauandika kwa lugha ambayo watu walisema sokoni. Kwa sababu ya kazi hiyo, leo anaitwa baba wa uhasibu. Na kwa sababu ya kazi nyingine aliyoifanya, kuna waliomwita mwizi. Mambo hayo mawili yanastahili kujulikana pamoja.

Mtoto wa mji mdogo

Luca Pacioli alizaliwa karibu mwaka wa 1447 katika Sansepolcro, mji mdogo katikati ya Italia. Wakati huo Italia haikuwa inchi moja. Ilikuwa miji na falme nyingi, kila mmoja na serkali yake, pesa zake, vipimo vyake na ushuru wake. Mfanyabiashara aliyetoka Firenze kwenda Venezia alipaswa kujua kubadilisha pesa na kulinganisha uzito wa mizigo, kama vile leo mtu anayefanya biashara kati ya Goma na Gisenyi anavyohesabu kwa dolare, franga za Congo na franga za Rwanda kwa siku moja.

Kulikuwa na shule za aina mbili. Chuo kikuu kilifundisha kwa Kilatini, na wakubwa wake walikuwa walimu wa dini, wa sheria na wa uganga. Halafu kulikuwa na shule ndogo za hesabu, ambako watoto wa wafanyabiashara walijifunza kuzidisha, kugawanya faida kati ya washirika na kupiga hesabu ya riba. Shule hizo zilifundisha kwa lugha ya kila siku. Watu wa chuo kikuu hawakuziheshimu sana. Biashara haikuwa somo la chuo kikuu.

Katika mji wa Pacioli aliishi mtu mwingine ambaye jina lake litarudi mbele: Piero della Francesca, mchoraji mkubwa wa karne hiyo. Piero alijua pia hesabu na jiometria, na aliandika kitabu cha hesabu kwa matumizi ya wafanyabiashara. Mara nyingi inasemwa kwamba kijana Luca alipata mwanga wake wa kwanza wa hesabu katika mazingira hayo.

Venezia, shule ya kwanza ya kweli

Karibu mwaka wa 1464, Luca akiwa kijana wa miaka 17 hivi, alienda Venezia. Mji huo ulikuwa bandari kubwa. Pilipili, tangawizi, hariri na pamba vilipita pale vikitoka mashariki vikienda Ulaya yote. Tajiri mmoja, Antonio Rompiasi, aliyeishi kwenye kisiwa cha Giudecca, alimchukua nyumbani kwake ili afundishe watoto wake watatu. Luca alifundisha, na wakati ule ule aliendelea kusoma kwa mwalimu Domenico Bragadino, aliyelipwa na serkali ya Venezia. Alisafiri pia ndani ya meli zilizobeba mizigo ya Rompiasi.

Kwa hiyo alijifunza biashara kwa kuiona: mizigo ikishuka, makarani wakiandika, wadeni wakifuatwa, watu wa ushuru wakipita. Mwaka wa 1470 aliandika kitabu chake cha kwanza cha hesabu, kwa ajili ya watoto wale wa Rompiasi. Hakikuchapwa.

Baadaye alienda Roma, ambako alikaa kwa muda nyumbani kwa Leon Battista Alberti, fundi mashuhuri wa kupanga majengo. Na katika miaka hiyo ya 1470 aliingia katika shirika la Mtakatifu Fransisko, akawa mtawa. Mtu aliyejua vizuri namna ya kuhesabu mali za wengine alikuwa ameapa kukaa maskini.

Mwalimu wa kuzungukazunguka

Mwaka wa 1477, mji wa Perugia ulimpa kazi ya kufundisha hesabu katika chuo kikuu chake. Huko aliandikia wanafunzi wake kitabu kikubwa kwa mkono, kilichojaa mifano ya biashara. Tangu wakati huo hakutulia. Alifundisha Zara, mji ulio leo katika inchi ya Kroatia. Alirudi Perugia. Alifundisha Napoli na Roma. Wakati huo mwalimu alipewa mkataba mfupi, na ukiisha alitafuta mji mwingine.

Hata kwao hakupokewa vizuri kila mara. Mwaka wa 1491, wakubwa wa shirika lake walimkataza kufundisha vijana wa Sansepolcro. Alikuwa amepata ruhusa na heshima ambazo watawa wengine hawakuwa nazo, na jambo hilo lilileta wivu. Lakini hakuacha kuandika. Alikuwa na kitabu kikubwa mkononi, na alitafuta mtu wa kukichapa.

Kitabu cha mwaka wa 1494

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1494, kitabu hicho kilitoka Venezia kwa mchapaji Paganino de Paganini. Jina lake ni refu, lakini watu wanakiita kwa neno la kwanza, Summa, maana yake ni jumla ya yote. Kina zaidi ya kurasa 600 zilizojaa maandishi madogo. Ndani yake kuna hesabu za kawaida, aljebra, jiometria, kugawanya faida ya ushirika, hati za kutuma pesa mbali, na orodha ya pesa na vipimo vya miji mbalimbali.

Mashine ya kuchapa ilikuwa bado kitu kipya, kwa miaka 40 hivi tu. Na Pacioli alichagua kuandika kwa Kiitalia, si kwa Kilatini. Kiitalia chake kilikuwa mchanganyiko wa lugha ya kwao, ya Venezia na maneno ya Kilatini, na wasomi wengine walimcheka. Yeye alitaka kitabu kisomwe hata na mtu ambaye hakupita chuo kikuu. Profesa wa chuo kikuu alikuwa amekubali kuandika kama watu wa soko.

Katikati ya kitabu hicho kuna sehemu moja fupi juu ya hesabu na maandishi ya biashara. Ndiyo iliyofanya jina lake libaki. Pacioli hakuficha kwamba namna hiyo si yake: alisema anafuata desturi ya Venezia, kwa sababu aliiona kuwa bora kuliko za miji mingine. Ni kweli kwamba namna ya kuandika mara mbili ilikuwa na umri mkubwa. Kuna vitabu vya wafanyabiashara wa Firenze vya karibu mwaka wa 1300, na hesabu za serkali ya mji wa Genova za mwaka wa 1340, vinavyoonyesha jambo hilo. Mfanyabiashara Benedetto Cotrugli, wa mji wa Ragusa, alieleza jambo hilo kwa ufupi mwaka wa 1458, lakini kitabu chake kilichapwa tu mwaka wa 1573. Pacioli ndiye aliyefika wa kwanza mikononi mwa watu wengi.

Alifundisha nini?

Kwanza, alisema mfanyabiashara anahitaji vitu vitatu: pesa ao mali inayoweza kuchukua nafasi ya pesa, ujuzi mzuri wa kuhesabu, na utaratibu wa kuandika mambo yake ili ayaone yote kwa mara moja. Aliongeza kwamba hata mtu asiye na pesa nyingi anaweza kufanya biashara kubwa ikiwa watu wanamwamini.

Pili, kabla ya kuanza, mtu anapaswa kuandika orodha ya kila kitu alicho nacho na kila deni, linalomdai na analodai. Pesa mkononi, nguo, vyombo vya nyumba, mizigo ndani ya depo, shamba, wadeni wazuri na wadeni wabaya. Vyote kwa siku moja, bila kuacha kitu. Ndiyo orodha ambayo wahasibu wetu wanaita inventeri.

Tatu, alifundisha vitabu vitatu. Cha kwanza ni kaye ya kila siku, ambamo mtu yeyote wa nyumba, hata mke ao mfanyakazi, anaandika mambo yanapotokea. Cha pili ni jurnali, ambamo mwenye ujuzi anapanga mambo hayo kwa tarehe, akionyesha upande unaopokea na upande unaotoa. Cha tatu ni daftari kuu, ambamo kila mtu na kila kitu kina ukurasa wake wenye pande mbili.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mama ananunua magunia 10 ya maharagi kwa dolare 500, akilipa papo hapo. Maharagi yamepokea 500, anaandika upande wa kushoto wa ukurasa wa maharagi. Sanduku la pesa limetoa 500, anaandika upande wa kuume wa ukurasa wa sanduku. Kisha anauza magunia 4 kwa deni, kwa dolare 240. Mteja amepokea 240, upande wa kushoto wa ukurasa wake. Maharagi yametoa 240, upande wa kuume. Akijumlisha pande zote za kushoto, anapata 740. Akijumlisha za kuume, anapata 740. Ikiwa jumla hizo hazilingani, kuna kosa mahali fulani, na Pacioli aliagiza litafutwe kwa bidii mpaka lipatikane. Ulinganisho huo ndio Waitalia waliuita bilancio, neno lililotuletea bilani.

Tena, ukurasa wa maharagi unamwambia mama huyo faida yake. Aliingiza 500, amekwisha kutoa 240, na magunia 6 yaliyobaki yana bei ya 300. Faida yake ni dolare 40. Lakini ukurasa wa mteja unamkumbusha kwamba dolare 40 hizo bado hazijaingia mkononi. Watu wengi wanaokula mtaji wao wanapotea hapo hapo: wanahesabu faida ambayo bado iko mfukoni mwa mdeni.

Pacioli hakuruhusu pia kufuta kosa. Mtu akiandika jambo mahali pasipofaa, aliagiza aandike tendo lingine la kulirudisha, na kuweka alama, ili anayesoma aone kosa na pia namna lilivyorekebishwa.

Kodi, biro za serkali na vitabu viwili

Mwanafunzi wa kodi ao wa sheria ya biashara angeshangaa kuona namna kitabu hicho cha zamani kinavyozungumzia mambo anayoyajua. Pacioli alisifu desturi ya miji kama Perugia, ambako mfanyabiashara alipeleka vitabu vyake vipya mbele ya biro ya wafanyabiashara. Karani aliandika jina la mwenye vitabu, aina ya pesa itakayotumiwa na nani ataandika ndani yake, kisha akaweka chapa. Baada ya hapo, vitabu hivyo vilikuwa na nguvu mbele ya hakimu kama kulikuwa na kesi. Huo ulikuwa mwanzo wa wazo ambalo liko mpaka leo ndani ya sheria ya biashara: maandishi yaliyopangwa vizuri ni ushahidi.

Aliwalaumu wale walioshika vitabu viwili, kimoja cha kuonyesha muuzaji na kingine cha kuonyesha mnunuzi, wakiapa juu ya vyote viwili. Ujanja huo haukuanza leo.

Alitoa pia shauri juu ya kazi na biro za serkali, kama ile iliyosimamia mikopo ambayo wakaaji wa Venezia waliipa serkali yao, na ile iliyokata ushuru juu ya mauzo yaliyopita kwa madalali. Alionya kwamba makarani wa biro hizo wanabadilishwa mara nyingi, kila mmoja anapenda kupanga vitabu kwa namna yake na kusema yule aliyemtangulia aliharibu. Kwa hiyo mfanyabiashara aandike vizuri nani alimpokea, siku gani, alilipa ngapi, na ashike hesabu yake mwenyewe ya kile anachodaiwa na kile amekwisha kulipa. Mtu yeyote ambaye aliombwa kulipa mara ya pili kodi aliyokwisha kulipa, kwa sababu karatasi haionekani, anaelewa maana ya shauri hilo.

Na Pacioli alikumbusha usemi wa wakati wake, kwamba kuna mambo mengi zaidi ya kujua ili mtu awe mfanyabiashara mzuri kuliko ili awe daktari wa sheria. Kwa mtu wa chuo kikuu kuandika hivyo haikuwa jambo dogo. Alikuwa anasema kwamba biashara ni kazi ya akili, yenye kustahili kufundishwa.

Milano, pamoja na Leonardo da Vinci

Summa ilimpa jina. Leonardo da Vinci alikinunua na kuandika bei yake ndani ya hesabu zake za matumizi. Karibu mwaka wa 1496, Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, alimwita Pacioli kufundisha hesabu katika mji wake. Huko alikutana na Leonardo, wakawa marafiki. Mtawa alimsaidia mchoraji katika jiometria, na mchoraji alichora kwa ajili ya mtawa picha za maumbo yenye pande nyingi. Picha hizo ziliwekwa ndani ya kitabu kingine cha Pacioli, Divina proportione, kilichomalizika mwaka wa 1498 na kuchapwa Venezia mwaka wa 1509.

Mwaka wa 1499 jeshi la mfalme wa Ufaransa liliteka Milano. Sforza alianguka, na marafiki hao wawili walikimbia. Walipita Mantova, wakafika Firenze. Pacioli alipata tena kazi ya kufundisha, katika chuo kikuu cha Pisa ambacho wakati huo kilikuwa kimehamishiwa Firenze kwa sababu ya vita, na kwa muda katika Bologna. Alikuwa na zaidi ya miaka 50, na alianza upya kama kijana.

Tarehe 11 Agosti 1508 alirudi Venezia, akatoa somo mbele ya watu wengi ndani ya kanisa la Mtakatifu Bartolomeo, karibu na soko la Rialto. Somo lilikuwa juu ya Euclid, mtaalamu wa jiometria wa Ugiriki ya zamani. Kati ya waliosikiliza kulikuwa na mapadri, wasomi, wakubwa wa serkali na watu wa biashara. Kijana aliyekuja zamani kufundisha watoto wa tajiri alikuwa sasa anafundisha mji.

Deni ambalo hakuliandika

Lakini kuna ukurasa mwingine katika maisha yake. Ndani ya Summa, Pacioli alimsifu Piero della Francesca kuwa mfalme wa wachoraji wa wakati wao, na alitaja wataalamu wa zamani waliomsaidia, kama Euclid na Leonardo wa Pisa. Piero alikufa mwaka wa 1492. Kitabu Divina proportione kilipochapwa mwaka wa 1509, sehemu yake ya mwisho ilikuwa tafsiri ya Kiitalia ya kitabu cha Kilatini ambacho Piero aliandika juu ya maumbo matano ya jiometria. Jina la Piero halikuwekwa pale kama mwenye kazi hiyo.

Mwaka wa 1550, Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Italia, alimshitaki Pacioli hadharani kuwa amejipatia jasho la mzee wa mji wake. Kwa muda mrefu kulikuwa na mabishano. Baadaye maandishi ya Piero yalipatikana ndani ya maktaba ya Vatikani, yakalinganishwa na kitabu cha Pacioli, na ikaonekana kwamba Vasari alikuwa na msingi. Mifano mingi ya Summa pia inafanana na ile ya kitabu cha hesabu cha Piero.

Wanaomtetea wanasema kwamba wakati huo desturi ya kutaja wenye kazi haikuwa kali kama leo, na kwamba kama si Pacioli, kazi ya Piero ingebaki imefungwa ndani ya maktaba kwa mamia ya miaka. Sehemu ya maneno hayo ni kweli. Lakini Pacioli ndiye aliyefundisha kwamba kila mwenye kupokea ana mwenye kutoa, na kwamba majina ya wote wawili yanapaswa kuandikwa. Kwa kipimo chake mwenyewe, alibaki na deni. Mwanafunzi anayechukua kazi ya mwingine kwa ajili ya kumaliza masomo, na profesa anayeweka jina lake juu ya kazi ya mwanafunzi, wangefanya vizuri kukumbuka ukurasa huo.

Miaka ya mwisho

Mwaka wa 1508 Papa Julius II alimpa ruhusa maalumu ya kuwa na mali, ingawa shirika lake liliomba umaskini. Mwaka wa 1510 aliwekwa kuwa mkubwa wa nyumba ya watawa ya Sansepolcro. Hapakuwa na amani: watawa wengine walilalamika juu ya haki alizopewa. Hata hivyo, mwaka wa 1514 Papa Leo X alimwita kufundisha katika chuo kikuu cha Roma. Alikuwa karibu na miaka 70. Alikufa mwaka wa 1517, na inaaminiwa kwamba alikufa katika mji aliozaliwa.

Namna somo lake lilivyofika Congo

Sehemu ile ndogo ya Summa ilisafiri kuliko mwenye kuiandika. Mwaka wa 1543, katika mji wa Antwerpen, mjane wa mfanyabiashara Jan Ympyn alichapisha kitabu cha marehemu mume wake, kwa Kiholanzi na kwa Kifaransa, kilichofundisha namna hiyo ya Italia. Mwaka ule ule kilitoka kingine London. Mwaka wa 1673, Ufaransa iliweka sheria ya kulazimisha wafanyabiashara kushika vitabu. Wazo hilo liliingia ndani ya sheria ya biashara ya Napoleon ya mwaka wa 1807, ambayo Ubelgiji uliirithi. Wabelgiji walilileta Congo: amri ya mwaka wa 1912 ilihusu vitabu vya wafanyabiashara. Mwaka wa 1976, serkali ya Zaire iliweka utaratibu mmoja wa uhasibu kwa inchi nzima. Na tangu mwezi wa Septemba 2012, Congo iko ndani ya OHADA, umoja wa inchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara.

Sheria ya uhasibu ya OHADA iliyotengenezwa upya mwaka wa 2017 inaomba kampuni kushika jurnali, daftari kuu, mizania ya hesabu zote na kitabu cha inventeri. Mtu aliyesoma kitabu cha mwaka wa 1494 angevijua vyote. Kwa wafanyabiashara wadogo sana, sheria inaruhusu namna nyepesi: kuandika pesa zinazoingia na zinazotoka, pamoja na madeni na stoki ya mwisho wa mwaka. Hiyo inafanana na kaye ya kila siku ya Pacioli, ile ambayo hata mke ao mfanyakazi aliweza kuiandika.

Mwaka wa 1994, miaka 500 baada ya Summa, Italia iliweka sura ya Pacioli juu ya pesa ya chuma ya lire 500. Kwa mtawa aliyefundisha watu kuhesabu pesa, heshima hiyo ilifaa.

Lakini kwetu kuna jambo lingine la kuangalia. Hapa mashariki mwa Congo, bei inapatanishwa kwa Kiswahili, deni linaombwa kwa Kiswahili, na ugomvi wa washirika unasemwa kwa Kiswahili. Wakati huo huo, somo la uhasibu, sheria ya OHADA na karatasi za kodi viko kwa Kifaransa. Kati ya mama wa soko la Kadutu na somo ambalo lingemsaidia kulinda mtaji wake, kuna lugha, kama vile kati ya muuza tangawizi wa Rialto na chuo kikuu kulikuwa na Kilatini.

Pacioli alikuwa na diploma na heshima za kutosha kukaa upande wa Kilatini. Alivuka. Kijana anayemaliza uhasibu mwaka huu anaweza kuanza kazi hiyo bila kungoja ofisi: akae na mzazi wake, ao jirani mwenye kibanda, wafungue kaye, waandike kwa Kiswahili vitu vyote vilivyomo dukani, wanaomdai na anaowadai. Siku hiyo hiyo watajua kama duka linapata ao linakula mtaji.